Kadi ya kilo 4.6

Nilizaliwa na kilo 4.6. Mama ameitunza kadi ya kliniki ya mimba yangu kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na vyeti vya shule, na zamani mgeni akisifia mwili wangu tu, kadi ilitolewa. Mdogo wangu alinifuata baada ya miaka sita, kilo 3.2. Huyo watu walimwonea huruma.

Sasa nina miaka 34. Presha ilinianza nikiwa na 29, na sukari ya asubuhi imeanza kupanda. Mdogo wangu, tuliyekula naye chungu kimoja, mzima kabisa. Majuzi nilikwenda kwa daktari kumwambia nataka kushika mimba. Akaniuliza: mama yako alikuwa na kilo ngapi alipokubeba? Nikampigia mama. Akakaa kimya, halafu: "Nilikuwa mnene sana, mwanangu. Kumbe ni mimi?"

Hilo "kumbe ni mimi" lilininyima usingizi, nikaanza kusoma.

Kilichonifungua macho kwanza ni hiki: sukari ya mama hupita kwenye kondo la nyuma, insulini yake, homoni inayoshusha sukari, haipiti. Daktari wa Denmark, Jørgen Pedersen, alilieleza hilo tangu miaka ya 1950. Sukari ikizidi kwa mama, inamfikia mtoto, na kongosho lake changa linalazimika kutoa insulini nyingi ya kuikabili. Insulini hiyo ndiyo inayomnenepesha. Mashavu yangu yaliyosifiwa, basi, huenda yalikuwa kazi ya ziada ya kongosho. Na si lazima mama awe ameambiwa ana kisukari cha mimba, maana mwili mnene mara nyingi huwa mzito kuitikia insulini, na mafuta ya kwenye damu yake nayo humfikia mtoto.

Halafu nikakutana na Aberdeen, Scotland. Watafiti walifukua kumbukumbu za wajawazito wa miaka ya 1950 hadi 1976, wakafuatilia karibu watoto 38,000 hadi utu uzima. Matokeo yalitoka 2013: waliozaliwa na mama wenye unene uliopitiliza walikuwa na hatari ya kufa mapema iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 35, na ya kulazwa kwa maradhi ya moyo na mishipa kwa asilimia 29. Nilifunga kompyuta, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Lakini si huenda ni kurithi tu? Au ni chakula cha chungu chetu cha nyumbani? Hapo ndipo Quebec, Kanada, iliponikamata. Watafiti wa huko walilinganisha watoto wa mama walewale: waliozaliwa kabla mama hajafanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na waliozaliwa baada yake. Wale wa baadaye walikuwa na unene mdogo zaidi. Mama yangu hakupasuliwa, ila kati yangu na mdogo wangu alipata kazi ya kusimama kutwa, akapungua karibu kilo ishirini. Familia moja si ushahidi, najua. Lakini nilicheka peke yangu.

Mimi nina kilo 91. Mpango wangu ulikuwa kushika mimba kwanza, nijirekebishe baadaye. Jaribio la Uingereza lililotolewa 2015 limenivunja moyo: wajawazito wanene zaidi ya 1,500, nusu yao wakapewa ushauri wa chakula na mazoezi mimba ikiwa imefika katikati. Kisukari cha mimba hakikupungua, wala watoto wakubwa kupita kiasi. Kwa hiyo nimeahirisha mwaka mmoja. Mume wangu amenuna kidogo.

Kinachoniudhi ni kwamba mama alihudhuria kliniki zote. Walimpima, wakaandika, wakamwambia ale kwa ajili ya watu wawili. Akatii. Leo mtiifu huyo ndiye anayejilaumu.

Nilipompigia tena nilimweleza yote, hata ya kongosho. Akasikiliza. Akauliza, "Basi ile kadi niichome?"

"Usithubutu mama," nikamwambia. "Daktari anaitaka. Uzito wako wa kila mwezi umeandikwa humo."

"Naujua," akasema. "Ndiyo maana siku hizi siitoi."