Ekskaveta mseto ilikula dizeli kama ya kawaida, mpaka nilipoipangia kazi upya

Wiki tatu baada ya kukabidhiwa ekskaveta mseto ya tani 20, yaani yenye injini ya dizeli pamoja na mota ya umeme, nililifungua daftari la dizeli nikaona haya kumpelekea bosi. Mashine ilikunywa karibu sawa na ile ya kawaida. Na mimi ndiye niliyepigania inunuliwe.

Kwanza nilishuku kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme wa mashine kwa muda mfupi. Fundi akaipima, nzima kabisa. Basi nikashinda kando ya shimo siku nzima, nikiitazama mashine inavyofanya kazi.

Ilikuwa inachimba mtaro, na hapo ndipo penye kosa langu. Mseto wa aina yetu, ule ambao kampuni ya Komatsu walianza kuuuza Japani mwaka 2008, huvuna nishati pale sehemu ya juu ya mashine inapogeuka kisha kusimama. Mota ya umeme inayoigeuza huwa jenereta wakati wa kufunga breki. Umeme huingia kwenye kapasita na kutumika tena sekunde chache baadaye. Kapasita haihifadhi mwingi kama betri, lakini hujaa na kutoa upesi, jambo linalofaa kazi ya kuchota, kugeuka na kumwaga. Mtaroni, udongo unamwagwa pale pale pembeni. Mashine haigeuki sana, itavuna nini?

Nikahamisha mseto ukapakie tipa, mtaro nikauachia ile ya kawaida.

Siku mbili baadaye nikakuta opereta wetu, mzee mwenye mkono mwepesi kuliko wote, ameiweka tipa nyuma kabisa ili ageuke nusu duara.

“Si ulisema inavuna ikigeuka, mwanangu?”

“Ndiyo mzee, lakini inarudisha sehemu tu ya ilichotumia. Nyingine imeshakuwa joto.”

Alielewa mara moja. Tukaisogeza tipa karibu, mashine tukaipandisha juu ya tuta, tipa ikabaki chini. Kwa maoni yangu hatua hii ilisaidia kuliko zote, kwa sababu mashine yetu hairudishi nishati ya bumu, ule mkono wake mkubwa, inaposhuka: kila kimo ambacho ndoo inanyanyuliwa bila sababu ni dizeli iliyopotea. Mzee naye akaacha kurudisha leva kwa kishindo; aliiachia mapema kidogo, mota ikapata nafasi ya kusimamisha mgeuko yenyewe.

Meno ya ndoo yalikuwa butu, tukabadilisha. Ndoo ikikwama kwenye ardhi ngumu huku leva imevutwa hadi mwisho, mafuta ya haidroliki, yale yanayosukuma bumu na ndoo, hupitia valvu ya usalama na nguvu ya injini yote huishia kuyapasha moto. Hakuna kapasita inayookoa hiyo. Na tipa zikichelewa, injini inazimwa.

Kipimo nacho kilinidanganya muda mrefu. Nilikuwa naandika lita kwa saa, na mashine inayonguruma bila kazi huonekana bingwa kwa hesabu hiyo. Sasa naandika lita kwa kila tipa iliyojaa. Katika upakiaji mseto umeiacha mbali ile ya kawaida, na daftari nalipeleka kwa bosi mwenyewe kila Jumamosi. Kazi inayofuata ni msingi mpana. Nimeshachora tipa zitasimama wapi.