Rangi ya epoksi kusambaa nje ya herufi: ilivyotatuliwa

Kibao cha paini, herufi zilizochongwa kina cha milimita 5, zikajazwa epoksi nyeusi (gundi ya maji ya sehemu mbili, resini na kigumishi, inayokauka ikawa ngumu). Rangi ilifuata nyuzi za mbao, kingo zikatoka kama wino kwenye karatasi ya choo.

Dawa ni kuziba mbao kwanza. Paka epoksi isiyo na rangi kwa brashi ndogo ndani ya herufi na pembeni, hasa nyuzi zilipokatwa kukingama. Hapo ndipo panaponyonya zaidi. Ikinata bila kuchafua glavu, mimina ya rangi mpaka ivimbe kidogo juu ya uso. Poda ya rangi isizidi asilimia 5 ya uzito wa epoksi, la sivyo epoksi inaweza kubaki laini.

Msasa baada ya saa 24 hadi 48: namba 80, 120, kisha 180. Epoksi mbichi huziba msasa tu.