Takometa kwenye Beetle na Mini: mshale kupanda hakutoshi

Kufunga takometa (kipimo cha mizunguko ya injini kwa dakika) kwenye gari dogo la zamani huchukua asubuhi moja: waya wa moto, waya wa bodi, waya wa koili (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche), mshale unapanda, fundi anafunga boneti. Tatizo ni kwamba mshale unaopanda si lazima useme kweli. Ukiweka sailensa (mwendo wa injini gari likiwa limesimama) kwa kufuata takometa inayodanganya, umeiweka injini kwenye kosa, na utahangaika na kabureta isiyo na ubaya wowote.

Kazi ya takometa ni kuhesabu cheche, basi. Injini ya silinda nne hutoa cheche mbili kila krenki inapozunguka mara moja. Ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, umeme wa koili unakatwa mara 3,000, yaani mara 50 kwa sekunde. Ishike hiyo 50, tutairudia.

Kabla ya kununua, nenda kwenye betri. Kwenye Beetle iko chini ya kiti cha nyuma, kwenye Mini iko ndani ya buti. Beetle nyingi za kabla ya 1967 ni za volti 6, na takometa ya volti 12 haitafanya kazi humo. Mini za miaka ya 1960 zilitoka kiwandani chanya ikiwa imefungwa kwenye bodi. Ukifunga takometa ya kawaida, ambayo ganda lake ni hasi, kwenye gari la namna hiyo, utaiunguza au utaunguza nyaya. Usimwamini aliyekuuzia gari. Tazama kwa macho ni ncha gani ya betri iliyobanwa kwenye bodi, kwa kuwa magari mengi yamekwisha kugeuzwa na mafundi miaka iliyopita.

Tazama pia kipimo cha uso wa takometa. Beetle 1300 hutoa nguvu yake yote kwenye mizunguko 4,000, Mini ya 848 cc kwenye 5,500. Uso wa 0 hadi 6,000 unasomeka vizuri kwenye Beetle kuliko ule wa 0 hadi 10,000 unaopendwa kwa urembo, kwa sababu kwenye huo wa 10,000 mshale utakuwa unacheza kwenye nusu ya kwanza tu maisha yake yote.

Nyaya sasa. Moto uchukuliwe mahali panapopata umeme swichi ikifunguliwa, kupitia fyuzi ya ampea 1 au 2. Kama koili yako ina resista ya nje, usichukue moto baada ya resista hiyo. Pale volti hushuka sana injini ikiwaka, na takometa itasoma kwa kuyumba. Waya wa bodi ubanwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, siyo kwenye skrubu ya plastiki ya dashibodi. Waya wa taa unaungwa na taa za dashibodi.

Waya wa koili ndio unaotaka heshima. Unaungwa upande wa koili unaokwenda kwenye platini (swichi ndogo inayokata umeme wa koili): kwenye koili ya Bosch umeandikwa 1, kwenye Lucas za zamani umeandikwa CB, na za baadaye alama ya kutoa. Ukiunga upande wa pili, mshale utalala au utatetemeka bila maana. Kwenye Beetle injini iko nyuma, kwa hiyo waya huu unasafiri gari karibu zima. Tumia waya wa milimita moja ya mraba wenye ganda zima, upitishe chini ya zulia kando ya nyaya za kiwandani, na kila unapotoboa bati weka raba. Sababu ni hii: platini zinapofunguka, upande huo wa koili hurusha volti mia kadhaa. Ganda likichubuka na waya ukagusa bodi, koili haikatwi tena, cheche zinapotea na gari linazimika barabarani papo hapo. Fundi asiyejua takometa ipo atabadilisha kondensa, platini na koili, na gari bado halitawaka. Weka soketi ya kuchomoa karibu na koili, ili siku hiyo ikifika uchomoe waya mmoja na uendelee na safari.

Waya huo usiufunge pamoja na waya za plagi. Kama mshale unarukaruka juu ya mizunguko 3,000, takometa inahesabu kudunda kwa platini: angalia kwanza nafasi yake (milimita 0.4 inafaa kwa Beetle na kwa Mini), kisha springi yake, kisha kondensa. Vyote vikiwa vizima, unga resista ya kilo-omu 10 ya nusu wati kwenye waya wa koili, karibu na koili yenyewe. Huko pia inasaidia ganda likichubuka, kwa kuwa waya ukigusa bodi hautaua cheche.

Takometa ya Mini iliyotoka kiwandani yenye maandishi RVI usoni ni ya namna nyingine. Hiyo hupima mkondo. Waya mweupe wa kwenda kwenye koili unapita kwenye kitanzi mgongoni mwake, na upande wa kuingilia una maana. Nyingi hazielewani na cheche za kielektroniki. Yenye maandishi RVC ndiyo inayofungwa kama nilivyoeleza hapo juu.

Sasa ukweli wa mshale. Takometa nyingi za kununua zina swichi ya silinda 4, 6 na 8 nyuma. Ikiachwa kwenye 8, mizunguko 3,000 itasomeka 1,500. Kwenye 6 itasomeka 2,000. Ukikuta kosa la nusu au theluthi, ni swichi, usiguse kitu kingine.

Makosa madogo yanapimwa mezani, na kipimo tunacho ukutani. Umeme wa TANESCO unakwenda mara 50 kwa sekunde. Chukua transfoma halisi ya chuma, ya kushusha volti 230 hadi 12. Chaja ya simu haifai, kwa sababu inatoa umeme uliolainishwa usio na mapigo. Usithubutu kuunga umeme wa ukutani moja kwa moja. Lisha takometa kwa betri ya gari. Ncha moja ya upande wa volti 12 iende hasi ya betri, nyingine ipite daiodi ya 1N4007 na iingie kwenye waya wa koili wa takometa. Mapigo 50 kwa sekunde: mshale unapaswa kusimama 1,500. Kisha tumia daiodi nne zilizoungwa kwa mtindo wa daraja (hugeuza nusu zote mbili za wimbi kuwa mapigo), na resista ya kilo-omu 1 kati ya chanya na hasi ya daraja ili volti ishuke kila pigo. Usiweke kondensa. Hapo chanya ya daraja iingie kwenye waya wa koili wa takometa, na hasi ya daraja peke yake ndiyo iende kwenye hasi ya betri, transfoma isiguse. Mapigo ni 100, mshale usimame 3,000. Kama haushtuki kabisa, jaribu transfoma ya volti 24.

Umeme ukikatika, ngoja urudi. Jenereta ndogo isiyo na mzigo inaweza kwenda mara 52 kwa sekunde, na hapo 1,500 yako imekuwa 1,560.

Soma vipimo vyote viwili kabla ya kugusa bisibisi. Ikisoma 1,650 na 3,300, kosa ni la asilimia 10 kote: zungusha skrubu ndogo ya kurekebisha iliyo nyuma, mara nyingi chini ya kizibo, mpaka ifike 3,000. Ikisoma 1,650 na 3,150, kosa ni 150 pale na 150 hapa. Huo ni mshale uliokaa vibaya kwenye ekseli yake, na skrubu haitakusaidia. Ung'oe taratibu kwa vijiko viwili, uurudishe kwenye sufuri.

Ukimaliza, tia tone la rangi ya kucha kwenye skrubu isijizungushe. Nta ya nyuki imejaa Tabora, lakini inayeyuka kwenye nyuzi 62 hivi, na dashibodi iliyoachwa juani inazifikia.

Mwisho, barabarani. Kwenye barabara ya Nzega iliyonyooka, Beetle 1300 yenye gia za kiwandani na tairi za 5.60-15 ikienda kilomita 80 kwa saa kwa GPS ya simu, siyo kwa spidi ya dashibodi, gia ya nne, inasoma karibu 2,600. Ikizidi hapo huku kipimo cha mezani kilikuwa sawa, kagua klachi.