Nilivyokagua altrasaundi za maintani nikiwa mkoa mwingine

Naandika hii kwa wale mnaofundisha intani na maresidenti (madaktari wanaosomea ubingwa) kupiga altrasaundi pale pale kitandani kwa mgonjwa, maana nilipoanza mimi sikupata wa kuniambia na nikapoteza miezi minne hivi nakagua vitu ambavyo havikuwa vinamsaidia mtu.

Mi nipo Dar, wao wako hospitali ya mkoa, mbali, basi la alfajiri linakufikisha jioni. Pale kuna mashine kubwa idara ya mionzi ambayo jioni mlango unafungwa, na kuna probu moja ndogo, kile kifaa kinachowekwa mwilini kupiga picha, ya kuchomeka kwenye simu ambayo inakaa mapokezi ya dharura. Ikiingia ajali ya bodaboda saa saba usiku aliyepo ni intani na hiyo probu. Sasa mtu kasoma wiki moja tu, kashika probu, kaandika kwenye faili "FAST hasi", yaani altrasaundi ya haraka haikuona damu iliyovuja tumboni wala kuzunguka moyo, nani amehakikisha? Hakuna. Hilo ndo lilikuwa linaninyima usingizi.

Nikaanza kirahisi tu, nikawaambia nitumieni klipu WhatsApp nitaziangalia. Zikaja nyingi, nzuri, ini linang'aa, figo limekaa vizuri, moyo unadunda katikati ya skrini. Nikawa najibu "safi sana dokta", "hongera". Miezi minne hiyo. Kumbe kila mtu alikuwa anachagua ile klipu iliyomkubali ndo anatuma, zile zilizomshinda anafuta. Nilikuwa naona kazi yao bora, ile ambayo hata bila mimi wangeifanya.

Kilichonifumbua macho ni kijana mmoja wa bodaboda. Intani alipiga FAST usiku akaandika hasi, bahati nzuri klipu zote zilikuwa bado kwenye simu ya idara na asubuhi nikaomba anitumie zote kama zilivyo. Upande wa kulia ini linaonekana, figo linaonekana, nafasi ya katikati yao safi kabisa, ukiangalia haraka unasema kweli hasi. Lakini klipu inaishia katikati ya figo. Ncha ya chini ya ini haipo. Na damu ya tumboni, ambayo kwenye skrini inaonekana nyeusi, mgonjwa akiwa amelala chali mara nyingi inaanza kuonekana pale pale kwenye ile ncha, kabla haijapanda kujaa katikati ya ini na figo. Nikapiga simu, nikamwambia dokta rudi kwa mgonjwa sasa hivi, shusha probu kidogo kuelekea miguuni, nafasi moja ya mbavu, halafu ipepee taratibu mbele na nyuma. Nikasubiri hewani. Nasikia anamwambia mgonjwa "vuta pumzi, shikilia hapo hapo kaka". Kimya. Halafu akasema, "Dokta, kuna kitu cheusi kimezunguka ncha." Presha ilikuwa imeanza kushuka, akapelekwa thieta mchana ule, wengu ulikuwa umepasuka. Alipona. Ila mi nilikaa na ile simu mkononi muda mrefu, nawaza zile "safi sana" zangu zote.

Kuanzia hapo nikabadilisha utaratibu wote. Kwanza, kila altrasaundi inatumwa, iliyotoka na isiyotoka, na ile isiyotoka ndo nataka kuiona zaidi. Nikawaahidi kwamba alama zangu haziendi kwa mkuu wa idara wala kwenye tathmini ya mtu yeyote, na hiyo ahadi sijaivunja hata siku moja, maana siku utakayoivunja utaanza tena kuletewa picha za maonyesho. Pili, kabla hajatuma anaandika mwenyewe alichoona: ndiyo, hapana, au sijui. Hiyo "sijui" niliipigania sana. Intani wetu wamezoea kuona kusema sijui mbele ya mkubwa ni aibu, lakini kwenye FAST "sijui" inamlinda mgonjwa, inafanya arudie baada ya nusu saa au aite mtu, wakati "hasi" ya kubahatisha inampeleka mgonjwa wodini kulala.

Alama natumia ile ngazi ya 1 mpaka 5 ya ACEP, chama cha madaktari wa dharura cha Marekani. 1 hakuna unachokitambua, 2 unatambua kitu lakini huwezi kuamua, 3 inatosha kuamua ingawa ina kasoro, 4 nzuri, 5 nzuri kupita. Hao hao wanashauri mtu apige kati ya 25 na 50 kwa kila aina ya kipimo ndo ahesabike ameiva, ikiwa zimekaguliwa. Mimi namba naiheshimu ila nimeona mtu wa 40 anayerudia kosa lile lile kwa sababu hakuna aliyemwambia, na mtu wa 15 ambaye ningemwamini na ndugu yangu.

Na alama peke yake haifundishi. Ukimwandikia mtu "2, upande wa kushoto haujaonekana" anajua amekosa, hajui afanye nini. Nikaanza kuwaomba mara moja moja mwenzao amrekodi mkono, bila sura ya mgonjwa, mkono na probu tu, sekunde kumi. Hapo ndo nikagundua wengi upande wa kushoto wanaweka probu mbele mno, wanaona utumbo na hewa. Wengu uko nyuma. Nikawaambia vifundo vya vidole viguse godoro, yaani kama huligusi godoro bado hujafika nyuma vya kutosha. Sentensi moja hiyo, wiki ile ile klipu za wengu zikabadilika. Nyingine ilikuwa mpira wa mkojo, manesi wanauweka mapema, kibofu kinakuwa tupu na ukiangalia nyonga huoni kitu, tukakubaliana na manesi kwamba FAST inatangulia, mpira unafuata, ila mgonjwa akiwa mahututi hakuna kusubiriana.

Kuna kitu kingine ambacho bila kukagua nyingi nisingekiona kamwe. Klipu za mchana zilikuwa mbaya kuliko za usiku. Mtu huyo huyo, probu hiyo hiyo. Nikauliza kitanda kipo wapi, wakaniambia kando ya dirisha kubwa. Kumbe jua linapiga kwenye skrini ya simu, daktari haoni, anaongeza geini, yaani mwangaza wa picha, mpaka picha nzima inakuwa nyeupe, na majimaji ambayo yangetakiwa kuwa meusi yanageuka kijivu, yanapotea ndani ya ini. Nesi mmoja akatundika khanga mbili dirishani. Tatizo likaisha siku hiyo hiyo.

Mambo ya kutuma: WhatsApp ukituma kama video ya kawaida inaibana na zile nyuzi nyembamba za majimaji zinafutika, tuma kama dokumenti. Klipu sekunde sita zinatosha. Wanapakia usiku wa manane bando la usiku likiwa rahisi, mi naangalia alfajiri kabla sijaenda kazini na majibu yanakuwa yamefika ndani ya saa 24. Jina la mgonjwa halionekani popote, tunatumia namba ya rejista, anaombwa ridhaa, na klipu haikai kwenye simu ya mtu binafsi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na hata isingekuwepo, yule ni mama wa mtu.

Na nimewaandikia ukutani, kwa herufi kubwa: ukaguzi si ushauri wa dharura. Ukiwa na wasiwasi na mgonjwa usinisubiri alfajiri, piga simu sasa hivi, mimi au yeyote aliye juu yako.

Mimi mwenyewe pia nakaguliwa. Rafiki yangu wa kazini anachukua moja katika kila kumi nilizokagua, anazipa alama bila kuona zangu. Kwenye 1 na 5 tunapatana, kwenye 2 na 3 tulikuwa tunabishana sana, mpaka tukakaa chini tukakubaliana kwamba kama ncha ya ini haipo basi ni 2, hata picha iwe nzuri vipi.

Juzi usiku kaniletea klipu dada mmoja intani, wiki yake ya tatu tu. Kwenye maelezo kaandika: "Kulia, sijui. Najipa 2, ncha haijatoka, mgonjwa anahema sana. Nimemwita residenti, narudia saa tisa." Ya saa tisa ilikuja. Ncha ipo, hakuna cheusi, nikampa 4.