Kutoka Mita 100 Hadi Bobsledi: Uzoefu Wangu

Muda wangu wa mita 100 ulipogoma kushuka, kocha wangu alinishauri nijaribu bobsledi, mchezo wa kuteremka kwa sledi, chombo kinachoteleza, katika njia ya barafu. Wazo hilo halikuwa geni, kwani Lauryn Williams, mshindi wa dhahabu ya kupokezana vijiti katika Olimpiki ya London 2012, alipata medali ya fedha ya bobsledi Sochi 2014, na Seun Adigun, mruka viunzi, aliendesha sledi ya Nigeria Pyeongchang 2018. Makocha wa bobsledi huwatafuta wakimbiaji wa mbio fupi kwa sababu kasi inayopatikana katika mita 50 za mwanzo, timu inaposukuma sledi kabla ya kuruka ndani, huandamana na sledi hadi chini.

Nilijifunzia Lake Placid, Marekani, kama mvuta breki, yaani anayesukuma kutoka nyuma na kuisimamisha sledi mwishoni. Bastola ya kuanzisha mbio haipo: taa ya kijani ikiwaka, timu mnapewa sekunde 60 na mnaondoka mkiwa tayari. Tena saa haianzi kuhesabu hadi sledi ipite mita 15 hivi za mwanzo, jambo lililoifanya sifa yangu ya kuchomoka upesi isiwe na faida niliyoitarajia. Mikono, ambayo kwa mkimbiaji ni nusu ya mbio, hapa imeshika vyuma vya sledi, hivyo nguvu yote hutoka kwenye nyonga na miguu, huku viatu vyenye sindano ndogo ndogo vikiuma barafu.

Kazi kubwa ilikuwa uzito. Kanuni huweka kikomo cha uzito wa sledi pamoja na watu wake, na timu nyepesi huongeza vyuma ndani ya sledi ili ikikaribie. Maana yake, kilo ambazo mwili wangu haukuwa nazo nilizisukuma kwa mikono. Nilikula zaidi, nikanyanyua vyuma kwa squat nzito (kuchuchumaa na kuinuka na uzito mabegani), na nikapunguza mbio za mita 200 na 300 ambazo hapo awali sikuthubutu kuziacha. Nadhani mkimbiaji anayeng'ang'ania wembamba wake atateseka sana katika mchezo huu.

Baada ya kuruka ndani, mvuta breki huinamisha kichwa asione chochote. Njia ya Lake Placid ina kona 20, nami nilizikariri kwa jinsi kila moja inavyoukandamiza mgongo, ili nijue mstari wa mwisho umepita na breki inaweza kuvutwa.