Siku Moja Maishani Mwangu: Meli Inapotia Nanga Kisiwani

Nikirusha tu picha ya kisiwa WhatsApp, majibu kutoka Dodoma ni yale yale: "Wewe unakula bata, sisi tunakula vumbi." Shangazi yangu wa Chamwino aliwahi kuniuliza mbele za watu kama kweli kuna mshahara wa kukaa ufukweni. Siku ile nilinyamaza, kulikuwa na wageni, na shangazi hajibiwi hovyo. Sasa niko likizo nyumbani Chang'ombe, hapa Dodoma, nina muda wa kueleza, na ningependa yeye na wengine waione siku ya kisiwani inavyoanza na inavyoisha.

Mimi ni mhudumu wa sitaha na mabwawa ya kuogelea kwenye meli ya kitalii inayozunguka Karibi ikitokea Florida, Marekani. Mara moja kila safari meli hushinda kutwa nzima mbele ya kisiwa kidogo cha mchanga huko Bahamas. Hakina mji wala kijiji, kimetengenezwa kwa ajili ya abiria tu. Mtindo huo ni wa zamani: abiria wa kampuni ya meli ya Norwegian walianza kushushwa kisiwa cha Great Stirrup Cay, Bahamas, mwaka 1977, na leo karibu kila kampuni kubwa ina kisiwa chake au kipande chake cha ufukwe. Tena kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886 ambayo ndiyo mzizi wa kanuni hii: meli yenye bendera ya nchi nyingine haiwezi kuchukua abiria bandari ya Marekani, ikawazungusha bandari nyingine za Marekani na kuwarudisha pale pale bila kugusa nchi ya kigeni. Bahamas ni jirani, kwa hiyo meli zinasimama huko. Kwa abiria hiyo ni siku ya kupumzika. Kwetu ni kazi ya kuhamisha hoteli nzima hadi mchangani na kuirudisha kabla jua halijazama.

Saa 10:30 alfajiri. Nazima kengele ya simu haraka ili nisimwamshe mwenzangu, dada wa Likoni, Mombasa, aliyetoka zamu usiku wa manane. Chumba chetu kiko chini ya usawa wa maji, vitanda vya kupandana, dirisha hakuna. Dodoma muda huo ni saa 6:30 mchana. Ni Januari, na mama anarudi kutoka kupalilia uwele. Navaa viatu huku nikisikiliza ujumbe wake wa sauti: mvua imenyesha usiku, mbuzi wa jirani wameingia shambani, nisiache kula. Nakula. Nakunywa na maji mengi kupita kiu yangu, maana najua jua linalonisubiri.

Saa 12 asubuhi. Kina cha maji karibu na kisiwa ni kidogo, meli inatia nanga mbali na watu wanavushwa kwa boti. Boti ya kwanza ni yetu: kuku, nyama, barafu, matunda, sanduku la huduma ya kwanza na taulo, taulo, taulo. Kila kitakacholiwa pale kinatoka melini, na kila takataka itarudi melini.

Kisha tunapanga vitanda vya ufukweni. Vimelala vimerundikwa na kufungwa kamba, tunavifungua, tunavibeba wawili wawili, tunafuta umande, tunakandamiza miguu ya kitanda mchangani mpaka kisiyumbe. Miavuli ndiyo yenye ufundi. Mti wa mwavuli haupigwi nyundo. Unachimba shimo mpaka mkono uzame hadi kwenye kiwiko, unausimamisha, unarudisha mchanga kidogo kidogo huku ukimwagia maji ya bahari, kisha unakanyaga kuzunguka. Mchanga mkavu haushiki kitu, ule uliolowa ndio unaobana. Ukifanya haraka haraka, upepo wa mchana utaung'oa, na mwavuli uking'oka unaweza kumtoboa mtu. Msimamizi alinionyesha mara moja tu, siku ya kwanza. Sisi watoto wa Ugogo tumekua tukichimba maji kwenye makorongo wakati wa kiangazi, tunajua juu pakavu, chini pabichi, na tunajua mchanga unaporomoka wapi. Hadi leo mistari ya mbele, pale upepo unapopiga zaidi, napewa mimi. Hilo najivunia na sifichi.

Saa 2:30 asubuhi abiria wanaanza kushuka. Taulo, salamu, maelekezo ya vyoo, taulo.

Saa 4. Hapa nitakaa kidogo.

Kwenye mstari wa kwanza wenye kivuli nilikuta vitanda kumi na kimoja vimetandikwa taulo, kila kimoja na kitu juu yake: kandambili, kofia, chupa ya krimu ya jua, kitabu. Mwenye vitu alikuwa mzee mmoja, umri wa kuzidi baba yangu, ameketi kwenye kitanda cha kumi na mbili. Wenzake, akasema, bado wanakunywa chai melini. Utaratibu wetu umeandikwa kwenye kibao pale pale: kitanda hakiwekewi mtu ambaye hajafika, na vitu vikikaa dakika arobaini bila mwenyewe tunaviondoa na kuvitunza. Nikamsalimia, nikamweleza kwa upole, nikasema nitarudi. Hakuinua macho kutoka kwenye simu.

Nyuma yangu alikuwa amesimama bibi mmoja na mkongojo, amemshika mjukuu wa miaka kama minne. Wanatafuta kivuli. Mtoto amekwisha kuwa mwekundu mabegani.

Dakika arobaini zikapita, nikarudi. Vitanda vitupu. Nilichutama ili nisiongee nikiwa juu ya kichwa cha mtu mzima, maana ndivyo nilivyolelewa, nikamwomba aachie viwili tu, vya pembeni, kwa ajili ya yule bibi. Akasema amelipia. Nikamwambia ni kweli amelipia, na bibi naye amelipia. Hapo sauti ikapanda. Akauliza jina langu ilhali liko kifuani. Akauliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akasema basi sitaelewa, kwao mtu akilipia kitu ni chake. Watu wa vitanda vya jirani wakageuza nyuso upande wa bahari.

Kwetu mtoto hajibizani na mzee, na kazini mhudumu hajibizani na mgeni. Mara mbili nimefungwa mdomo, na bado bibi amesimama juani. Nikaita msimamizi kwa redio koli. Msimamizi akaja, akacheka na mzee, akampiga bega, akaagiza aletewe kinywaji cha bure, kisha akaniambia pembeni nimwache, tusiharibu siku. Naelewa kwa nini alifanya hivyo. Mwisho wa safari abiria hujaza fomu ya maoni, na alama zile zinaweza kuamua nani ataitwa mkataba ujao. Lakini niliumia, naumia hata sasa ninapoandika, kwa sababu kibao kiliandikwa na kampuni yenyewe.

Nikaenda ghala, nikatoa mwavuli wa akiba na vitanda viwili. Kijana wa Zanzibar anayehudumu kwenye baa aliniona nikivuta, akasema, "Dada, ngoja nikushike upande huu," tukavivuta hadi mwisho wa mstari, penye mizizi. Nikachimba hadi kwenye kiwiko, nikamwagia maji, nikakanyaga. Yule mtoto alinisaidia kumwaga maji kwa ndoo yake ya kuchezea, ndoo baada ya ndoo, kwa bidii kabisa. Bibi akalala kivulini na kufumba macho. Nilitumia karibu nusu saa ambayo sikuwa nayo, mistari yangu mingine ikachafuka, na nilikemewa kwa hilo pia.

Familia ya mzee ilifika mchana. Walikuwa watano. Walilala kidogo, wakaenda kula, hawakurudi, na vile vitanda vingine sita havikulaliwa na mtu siku nzima.

Mchana wenyewe siwezi kuupanga kwa saa. Chakula nilikula nyuma ya jiko nikiwa nimesimama, wali na kuku, kwa sababu kitanda cha mgeni hatukalii hata kikiwa kitupu. Mfukoni nilikuwa na ubuyu wa nyumbani, nikaumung'unya mpaka koo likalainika. Kuna bomba za kusafishia miguu, watu wanaziacha zinatiririka na kuondoka, nami nazifunga moja baada ya nyingine. Mtu aliyekulia kwenye foleni ya ndoo hawezi kupita bomba linalomwaga maji. Taulo iliyolowa na kujaa mchanga ni nzito kuliko inavyoonekana, na haiingii mashineni hivyo hivyo. Kila moja inakung'utwa kwa mikono, upepo ukiwa mgongoni, la sivyo mchanga wote unaingia machoni. Zinafungwa kumi kumi na kuhesabiwa, maana isiyorudi anatozwa abiria, na abiria akibisha, kitabu changu ndicho kinachoulizwa. Mabega yanaanza kuwaka hapo. Mtoto mmoja akapotea na kupatikana kwenye foleni ya matunda. Mtu akakanyaga chupa. Mwingine akaniuliza kama ninaishi kisiwani.

Alasiri upepo ukageuka. Nahodha akaamua watu warudi mapema, kwa sababu mawimbi yakikua boti hazitaweza kushikamana na meli. Kuwaambia watu walioshiba na kulala wainuke saa nzima kabla ya muda wao kunataka moyo. Foleni ya gati ikawa ndefu, jua limewapiga, kila mtu ana swali na swali ni lile lile. Tukapita na maji ya baridi na taulo zilizolowekwa, wazee na watoto tukawaweka mbele. Yule mzee alipita akanipa taulo zake mkononi, kumi na mbili, zote zimekunjwa. Hakusema kitu. Nikasema asante, safari njema. Bibi alinishika mkono akaushikilia mpaka foleni ikamsukuma.

Abiria wakiisha ndipo kazi ya asubuhi inapofanywa kinyumenyume, sasa na mwili uliochoka. Vitanda juu ya vitanda, kamba, miavuli chini, reki mchangani, mifuko ya takataka botini. Kupanda meli wakati wa mawimbi kuna namna yake: unasubiri boti inyanyuke, baharia anakukamata karibu na kiwiko nawe unamkamata hivyo hivyo, si kiganja kwa kiganja, kwa sababu kiganja kinateleza. Unapiga hatua moja, hurudi nyuma.

Nikaoga, nikakaa chini, nikasimama tena. Zamu ya pili bwawani ilikuwa kuanzia saa 1 usiku hadi saa 3. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 unataka baharia apumzike angalau saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku 7. Siku ya kisiwa tunafika ukingoni kabisa mwa hesabu hiyo, ndiyo maana kila dakika ya zamu inaandikwa.

Kitandani, macho yakifumba yenyewe, nikafungua simu. Shangazi alikuwa ameona picha niliyopiga asubuhi kabla watu hawajashuka, ameandika, "Enjoi mwanangu." Chini yake kulikuwa na ujumbe wa binamu yangu anayeishi mtaa wa Kisasa, Dodoma. Wakala mmoja wa Dar es Salaam amemdai shilingi milioni moja na nusu za kumpatia nafasi ya kazi melini, ameshatoa nusu, sasa anaambiwa amalizie kabla ya Ijumaa. Usingizi ukaniruka. Nikamrekodia sauti ndefu, kwa kunong'ona ili mwenzangu asiamke: mafunzo ya usalama wa baharini yanatolewa Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, ada analipa chuoni na anapewa risiti, cheti cha afya na pasipoti ni gharama zake, lakini mkataba ule ule wa 2006 unakataza baharia kutozwa pesa ya kutafutiwa au kupewa kazi. Asimalizie hata shilingi. Apande treni ya SGR asubuhi hadi Dar, afuatane na mjomba aliyewahi kuwa polisi, wakadai ile nusu, na wakizungushwa waende kituoni siku hiyo hiyo.