Kamera ya mfukoni au lenzi ya 24: nilivyoamua

Kila niliyemuuliza dukani ninunue lenzi gani alinijibu neno moja: hamsini, yaani lenzi ya milimita 50. "Kaka, chukua hamsini, nyuma panafifia vizuri, bei poa." Kwa anayepiga picha za sura, sawa kabisa. Kwa picha za kila siku hapa Dar, ushauri huo ulinila laki tatu na ushee, na inaniudhi kwamba bado unatolewa bila mtu kuulizwa ana kamera gani na huwa anasimama wapi.

Kamera yangu ni Canon EOS 200D, sensa yake, kile kipande kinachonasa picha, ni milimita 22.3 kwa 14.9. Chukua kimo cha sensa, gawa kwa milimita za lenzi, zidisha kwa umbali uliosimama: unapata kimo cha kitu kitakachoenea kwenye fremu. Kwa lenzi ya 50, kumpata mtu kuanzia kiunoni, yaani kama mita moja, lazima urudi nyuma karibu mita 3.4. Kwenye kibanda cha mama lishe Kariakoo mgongo unagusa mabati kabla hujafika mita mbili. Kwa lenzi ya 24, mita 1.6 inatosha. Na ukiwa umekaa mezani, 24 inashika fokasi hadi sentimita 16. Ile ya 50 inagoma chini ya sentimita 35.

Baada ya hapo nikaitamani kamera ya mfukoni, Sony RX100 III. Gramu 290, inaingia mfuko wa suruali, na mtumba wake nilipouliza ulizidi milioni moja. Wauzaji wanasifia f/1.8 (ukubwa wa tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi), lakini f/1.8 hiyo ipo pale lenzi ilipo pana kabisa. Ukivuta kidogo tu inashuka hadi f/2.8. Hapo inalingana na Canon 24mm f/2.8 STM, ila sensa yake ni milimita 13.2 kwa 8.8, karibu theluthi ya eneo la sensa ambayo tayari ninayo. Picha za saa moja usiku zinaanza kuwa na chenga mapema.

Kilichonitoa kabisa ni vumbi. Kamera ya lenzi inayochomoza huvuta hewa kila inapotoka na kurudi. Vumbi likitua kwenye sensa, ukipiga mbingu kwa f/8 unaona madoa ya kijivu, na kuyatoa ni kufungua kamera nzima. Yangu naivua lenzi, nainua kioo cha ndani kwa menyu, naigeuza uso chini, napuliza kwa kipulizio cha mpira, basi.

Kabla ya kununua nilitumia tepu kujaribu kuishi na 24 pekee. Lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera ina alama ya 24 kwenye pete ya kuvutia. Niliiweka hapo, nikazungusha tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, raundi mbili, nusu juu ya pete na nusu juu ya mwili wa lenzi. Isiwe ya nailoni: jua la saa saba linayeyusha gundi, na gundi inakusanya mchanga. Na isiguse pete ya fokasi, maana sehemu ya mbele lazima isogee. Wiki mbili nilitembea hivyo, Posta, Kariakoo, soko la samaki la Feri, na kila niliposhindwa niliandika kwenye simu. Siku tatu za mwanzo mkono unatafuta pete. Siku ya nne miguu inasogea yenyewe. Picha zilizonishinda kwa umbali zilikuwa saba, tano kati yake mashua baharini ambazo hata ile Sony ikivutwa hadi mwisho isingezifikia. (Feri omba ruhusa kwanza, wavuvi wengi hawapendi.)

24 niliipata mtumba. Ipitishie tochi ya simu kutokea nyuma: nyuzi kama za utando wa buibui ni fangasi, iache hata ikishushwa nusu bei. Unyevu wa Dar unaipenda lenzi inayolala begini. Yangu inalala kwenye kopo la chakula lenye mfuniko wa kubana, na vile vifuko vya kunyonya unyevu vya boksi la viatu. Vikilowa havifai, badilisha.

Faida ya mwanga dhidi ya 18-55 si kubwa: pale kwenye 24 ile ina f/4 hivi, hii f/2.8, mwanga kama mara mbili. Haina kizuia mtikisiko, ila kwa watu wanaotembea hicho kisingesaidia: usiku siendi chini ya 1/125 ya sekunde, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 3200. Faida kubwa ni umbo: urefu wa milimita 22.8 badala ya sentimita sita, na kamera nzima gramu 580 hivi. Kwenye suruali haiingii. Inaingia kwenye begi dogo la kifuani, na kwenye basi la Mwendokasi begi hilo nalishika mbele. Nikitoka ofisi yenye kiyoyozi siitoi kamera begini kwa dakika 20, la sivyo kioo kinatoa jasho na picha kumi za kwanza zote ni ukungu.